Barua Zinaingia, Lakini Hazitoki: Jinsi ya Kurekebisha Seva ya Kutuma Barua Pepe

SOMO LA MAWASILIANO KWA WAHUDUMU WA AFYA WA JAMII, VIJANA WA KOMPYUTA NA WAKAZI WOTE WA KAMBI

Katika toleo hili tunaweka kando kidogo masomo ya chandarua, maji safi na chanjo, tuzungumze juu ya kompyuta. Usishangae kuona somo la kompyuta ndani ya jarida la afya. Taarifa ya ugonjwa ni kama dawa: ikichelewa, haimsaidii mgonjwa.

Tuchukue mfano. Siku ya Jumatatu mhudumu wa afya anajumlisha wagonjwa wa wiki iliyopita: malaria wangapi, kuhara wangapi, surua wangapi. Anaona wagonjwa wa kuhara maji wameongezeka ghafla katika mtaa mmoja. Anaandika barua pepe kwenda ofisi ya afya ya wilaya, anabofya neno la kutuma, anafunga kompyuta. Siku zinazofuata anaendelea kupokea barua kutoka wilayani kama kawaida. Siku ya Ijumaa simu inalia.

"Dada, taarifa ya wiki hii hatujaiona."

"Kaka, mimi nimeituma tangu Jumatatu."

Wanafungua kompyuta na kuangalia. Barua ipo palepale, ndani ya sanduku la barua zinazongoja kutoka. Haijawahi kuondoka.

Kipindupindu huweza kuonyesha dalili kuanzia saa chache mpaka siku 5 baada ya mtu kuvimeza vijidudu, na mgonjwa aliyezidiwa akikosa matibabu huweza kufa ndani ya saa chache. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, siku 4 za barua iliyokwama ni nyingi mno.

Wasomaji wetu wengi wanatoka Quiterajo, Mucojo, Pangane na vijiji vingine vya pwani ya wilaya ya Macomia, na wanakumbuka hali ilivyokuwa. Vita vilivyoanza Cabo Delgado Oktoba 2017 viliharibu vituo vya afya na minara ya simu. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikapiga mkoa huu, na wiki iliyofuata kipindupindu kilitangazwa Pemba na maeneo ya jirani. Mahali palipopitiwa na mambo hayo, kila njia ya kupeleka habari ina thamani yake, na ni vizuri tujue kuitengeneza wenyewe inapoharibika.

MALENGO YA SOMO

Ukimaliza somo hili utaweza:

1. Kueleza kwa nini barua zinaweza kuingia bila kutoka.
2. Kukagua mambo matano ya seva ya kutuma barua.
3. Kusoma ujumbe wa kosa na kujua maana yake.
4. Kujua la kufanya barua inapokataa kabisa kwenda.

SEHEMU YA 1: BARUA PEPE INA NJIA MBILI

Watu wengi hudhani kwamba barua zikiingia basi kila kitu ni kizima. Sivyo. Programu ya barua pepe iliyowekwa ndani ya kompyuta, kama Thunderbird au Outlook, hutumia njia mbili tofauti.

Fikiria posta ya zamani. Posta kulikuwa na sanduku lako lenye namba. Ukiwa na ufunguo unafungua na kuchukua barua zako. Lakini ukitaka kupeleka barua, ufunguo ule haukusaidii. Lazima uende dirishani, umkabidhi karani, naye aikubali. Mtu anaweza kuwa na ufunguo mzuri kabisa, na karani akamkatalia barua yake.

Ndivyo ilivyo kwenye kompyuta. Kuchukua barua hufanywa kwa njia iitwayo POP au IMAP. Kutuma barua hufanywa kwa njia iitwayo SMTP. Njia hii ya SMTP ni ya zamani. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa mwaka 1982, na mpaka leo karibu barua pepe zote duniani hupita humo. Kila njia ina seva yake na mipangilio yake. Seva ni kompyuta kubwa iliyo mbali inayopokea na kugawa barua. Kwa hiyo mipangilio ya kuchukua inaweza kuwa sahihi na ile ya kutuma ikawa na kasoro.

Kwa sababu hiyo, barua zikiingia lakini hazitoki, usiguse mipangilio ya kuingia. Hiyo ni nzima. Ukiichezea utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

SEHEMU YA 2: KABLA HUJAGUSA MIPANGILIO

Mwenda pole hajikwai. Anza na mambo haya mepesi, kwa maana mara nyingi tatizo huishia hapa.

Kwanza, hakikisha mtandao upo sasa hivi. Barua uliyoiona asubuhi si ushahidi kwamba mtandao upo mchana. Fungua ukurasa wowote wa intaneti ambao hujaufungua siku hiyo. Usipofunguka, tatizo ni mtandao, na programu haina kosa.

Pili, angalia kama programu yenyewe imewekwa katika hali ya kufanya kazi bila mtandao. Hali hii ni nzuri kwa kuandika barua wakati umeme au mtandao haupo, lakini mtu akiisahau, barua zote hubaki sandukuni.

Tatu, fungua sanduku la barua zinazongoja kutoka. Kompyuta nyingi za Msumbiji hutumia Kireno, na hapo utaliona limeandikwa Caixa de Saída au A Enviar. Usilichanganye na lile la barua zilizokwisha kwenda, ambalo mara nyingi huandikwa Enviados au Itens Enviados. Barua iliyo katika la kwanza haijaondoka. Barua iliyo katika la pili imepokelewa na seva.

Nne, tazama saa na tarehe ya kompyuta. Jambo hili huwasumbua wengi wanaotumia kompyuta kuukuu. Betri ndogo iliyo ndani ya kompyuta ikifa, kompyuta hupoteza tarehe kila umeme unapokatika. Seva huonyesha cheti cha kuthibitisha kwamba ni yenyewe, na cheti kile kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2005 itaona cheti hakijaanza kutumika, nayo itakataa kuunganisha. Rekebisha tarehe, kisha jaribu tena.

Tano, angalia ukubwa wa barua ya kwanza kwenye foleni. Barua moja nzito yenye picha nyingi inaweza kuzuia zilizo nyuma yake. Itoe, iweke pembeni, uone kama nyingine zitakwenda.

Ukishafanya haya na bado barua hazitoki, chukua kalamu. Bofya kutuma tena, na uandike kwenye karatasi ujumbe wote wa kosa unaotokea, hasa namba zake. Usiufunge haraka. Ujumbe huo ndio unaokuonyesha mahali pa kutafuta.

SEHEMU YA 3: MAMBO MATANO YA KUKAGUA

Fungua mipangilio ya akaunti, kisha utafute seva ya kutuma. Kwa Kireno huandikwa Servidor de envio (SMTP) au maneno yanayofanana na hayo. Kabla hujabadilisha chochote, nakili yote yaliyopo kwenye karatasi, ili ukikosea uweze kurudi ulipoanzia. Badilisha jambo moja tu kwa wakati, kisha ujaribu. Anayebadilisha matano kwa pamoja hatajua lipi lilitibu.

Jambo la kwanza: jina la seva

Jina hili hutolewa na wenye huduma yako ya barua. Kwa Gmail ni smtp.gmail.com. Kwa Yahoo ni smtp.mail.yahoo.com. Kwa Outlook.com ni smtp-mail.outlook.com. Kama anwani yako ni ya shirika, muulize anayesimamia kompyuta za shirika.

Makosa ya kawaida ni kuandika jina la seva ya kuingia mahali pa seva ya kutoka, kusahau nukta, kuandika con badala ya com, au kuacha nafasi tupu mwishoni mwa jina. Nafasi tupu haionekani kwa macho. Ukiwa na shaka, futa jina lote na uliandike upya.

Jambo la pili: namba ya mlango

Seva moja ina milango mingi, na kila mlango una namba. Wengi huuita poti, na kwa Kireno huandikwa Porta. Kwa kutuma barua kuna namba tatu za kukumbuka.

Namba 25 ni mlango wa zamani. Leo ni mlango wa seva kuongea na seva. Makampuni mengi ya intaneti huufunga kwa wateja wa kawaida, kwa sababu kompyuta zenye virusi ziliutumia kumwaga barua taka. Ukikuta programu yako imewekwa 25, huenda tatizo umeshalipata.

Namba 587 iliwekwa mwaka 1998 kuwa mlango maalumu wa mtu kukabidhi barua yake kwa seva.

Namba 465 ni mlango ambao mazungumzo hufichwa tangu neno la kwanza. Mwaka 2018 wataalamu wa kanuni za intaneti waliupendekeza kwa matumizi ya kila siku.

Jambo la tatu: aina ya usalama

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Usalama maana yake ni kuyafunga maneno kwa fumbo, ili mtu aliye njiani asiweze kuyasoma. Kuna aina mbili, na kila aina ina mlango wake:

- Mlango 465 huenda na SSL/TLS.
- Mlango 587 huenda na STARTTLS.

Ukizichanganya, kompyuta na seva zitashindwa kuelewana. Kwa mfano, ukiweka 465 pamoja na STARTTLS, kompyuta itakuwa inangoja seva imsalimie kwanza, na seva itakuwa inangoja fumbo lianze. Kila mmoja anamngoja mwenziwe. Baada ya dakika moja hivi utaambiwa muda umekwisha. Mtu atalaumu mtandao, kumbe ni mpangilio tu.

Usichague hali ya kutokuwa na usalama wowote. Barua ya afya isipite barabarani ikiwa wazi.

Jambo la nne: jina la mtumiaji

Kwa huduma nyingi za leo jina la mtumiaji ni anwani nzima, pamoja na alama ya @ na yanayofuata. Ukiandika nusu ya mbele peke yake, seva inaweza kukukataa.

Katika miaka ya nyuma seva nyingi hazikuuliza jina wala neno la siri wakati wa kutuma. Ziliangalia tu kama umeunganishwa kwa laini ya kampuni yao. Ndiyo maana mtu aliyehama kutoka laini moja kwenda nyingine aliendelea kupokea barua lakini akashindwa kutuma: seva ilimwona ni mgeni. Siku hizi seva hutaka uthibitisho. Kama programu yako imewekwa isitoe jina wala neno la siri wakati wa kutuma, ibadilishe.

Jambo la tano: neno la siri na namna ya kuthibitisha

Neno la siri huitwa palavra-passe au senha kwa Kireno. Angalia kama kitufe cha herufi kubwa kimebaki kimewashwa. Kama ulibadilisha neno la siri kupitia simu, kumbuka kwamba kompyuta bado inalo lile la zamani.

Lakini liko jambo kubwa zaidi ambalo limewashangaza wengi. Tarehe 30 Mei 2022 Google waliacha kupokea neno la siri la kawaida kutoka programu za barua zisizotumia njia mpya ya uthibitisho. Microsoft walifanya hivyo kwa akaunti za Outlook.com Septemba 2024. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na neno la siri sahihi kabisa, likafungua barua zake kwenye ukurasa wa intaneti, na bado programu ikaambiwa kwamba neno hilo si sahihi.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kuchagua njia ya uthibitisho iitwayo OAuth2. Thunderbird inayo. Dirisha litafunguka, utaingia katika akaunti yako humo, kisha programu itapewa ruhusa. Ya pili, kwa Gmail na Yahoo, ni kutengeneza neno la siri la programu. Hili ni neno maalumu linalotengenezwa na huduma yenyewe kwa ajili ya programu moja tu. La Gmail lina herufi 16, na ili ulipate lazima kwanza uwashe uthibitisho wa hatua mbili katika akaunti yako. Kwa Outlook.com tumia OAuth2.

Kama kituo chenu bado kina kompyuta ya Windows XP yenye Outlook Express, ujue kwamba programu hiyo haijui njia mpya za usalama ambazo seva za leo zinazitaka. Msipoteze siku nzima kwa mipangilio. Tumieni kompyuta nyingine au simu.

SEHEMU YA 4: KUSOMA NAMBA ZA KOSA

Seva ikikataa barua, mara nyingi hutoa namba ya tarakimu tatu. Shika kanuni hii rahisi: namba inayoanza na 4 maana yake "si sasa, rudi baadaye". Namba inayoanza na 5 maana yake "nimekataa, rekebisha kwanza". Kwa ya 4, ngoja nusu saa na ujaribu tena. Kwa ya 5, kurudia mara kumi bila kubadilisha kitu ni kujichosha.

Namba utakazokutana nazo zaidi ni hizi:

421: Seva haiwezi kuhudumia kwa sasa. Ngoja.

450 au 451: Kuna kikwazo cha muda. Ngoja, kisha tuma tena.

530: Hujajitambulisha. Washa uthibitisho, yaani jambo la nne na la tano hapo juu.

535: Umejitambulisha lakini umekataliwa. Kagua jina, neno la siri, au hitaji la OAuth2.

550: Mara nyingi anwani ya unayemwandikia haipo au imekosewa. Likiwa na maneno ya kukataa kupitisha barua, maana yake seva haikutambui wewe mtumaji.

552: Barua ni kubwa kupita kiasi, au sanduku la mpokeaji limejaa.

Kama hakuna namba yoyote, na unaambiwa tu kwamba seva haikupatikana au muda umekwisha, basi kompyuta yako haijafika kabisa mlangoni. Rudi kwenye mtandao, jina la seva, namba ya mlango na aina ya usalama. Neno la siri liache kwanza, kwa sababu seva bado haijakuuliza.

Jambo moja zaidi: programu nyingine za kuzuia virusi hukagua barua zinazotoka na huweza kuzizuia. Mwenye kuijua kompyuta anaweza kuzima ukaguzi huo kwa dakika chache ili kupima. Akishapima, auwashe tena.

SEHEMU YA 5: UZITO WA BARUA

Picha na mafaili unayoambatisha hubadilishwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, na katika kubadilishwa huko huongezeka uzito kwa takriban theluthi moja. Kila kilo 3 huwa kilo 4, tungesema sokoni. Huduma za barua huweka kikomo cha ukubwa, kwa mfano megabaiti 25. Faili la megabaiti 20 likishabadilishwa hufika karibu 27, na huweza kukataliwa hata kama mtumaji anaona bado ana nafasi.

Tazama pia muda. Kwenye laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, picha moja ya megabaiti 2 huchukua zaidi ya dakika 5 kutoka, na mtandao ukikatika katikati unaanza upya. Maneno matupu ya kilobaiti 2 hupita kwa muda usiofika sekunde moja.

Kwa hiyo andika idadi za wagonjwa ndani ya barua yenyewe, kwa maneno na tarakimu. Usipige picha daftari na kuituma kama halihitajiki. Wilaya inataka namba, na namba hazina uzito.

SEHEMU YA 6: TULIKOTOKA

Kungoja barua pepe si jambo geni katika kazi ya afya Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 daktari wa moyo Bernard Lown wa Marekani na wenzake walianzisha shirika la SatelLife, ambalo lilijenga mtandao ulioitwa HealthNet kwa ajili ya waganga wa nchi zenye simu chache. Mwaka 1993 setilaiti yao HealthSat-2 ilirushwa angani. Ilikuwa ikizunguka dunia chini chini, ikipita juu ya kila kituo mara chache tu kwa siku. Kituo kiliandaa barua zake na kungoja. Setilaiti ilipopita, ilizichukua, ikazibeba kama jahazi linavyobeba mzigo, na kuzishusha mahali pengine. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilikuwa miongoni mwa nchi zilizotumia mtandao huo. Hapa Msumbiji, kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo, kilianza kutoa huduma ya barua pepe mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kuanzia mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari kama SEACOM zilifika Mombasa, Dar es Salaam na Maputo, na kasi ikabadilika. Lakini waganga wa HealthNet walikuwa na desturi moja ambayo sisi tumeipoteza: walijua kwamba kuandika barua si kuifikisha. Waliandika maneno machache, wakangoja jibu.

SEHEMU YA 7: KUPIMA NA KUHAKIKISHA

Ukishatengeneza, fanya hivi:

1. Jitumie barua fupi wewe mwenyewe, isiyo na kiambatisho. Ikirudi kwako, njia zote mbili ni nzima.
2. Tuma barua fupi kwa mtu mwingine mwenye huduma tofauti na yako.
3. Tuma taarifa yenyewe.
4. Fungua sanduku la zinazongoja kutoka, uhakikishe liko tupu.
5. Mwombe mpokeaji ajibu neno moja: "Imefika." Barua iliyopokelewa na seva inaweza bado kuangukia kwenye folda ya barua taka.

Andika mipangilio iliyofanya kazi katika daftari la kituo, yaani jina la seva, mlango na aina ya usalama, ili atakayekuja zamu asianze upya. Neno la siri usiliandike humo.

SEHEMU YA 8: TAHADHARI

Usitume majina ya wagonjwa kwa barua pepe isipokuwa utaratibu wa kituo unaagiza hivyo. Umri, jinsi, mtaa na ugonjwa hutosha kwa taarifa ya wiki. Wengi wetu tulikimbia makwetu, na wapo ambao kujulikana walipo kunaweza kuwaletea hatari.

Ukitumia kompyuta ya watu wengi, toka kwenye akaunti yako kabla hujaondoka, na usiruhusu kompyuta ikumbuke neno lako la siri.

Ukiletewa barua inayosema "tuma neno lako la siri ili tutengeneze seva yako", ifute. Fundi wa kweli hahitaji neno lako la siri.

Na la mwisho, lililo kubwa kuliko yote: dharura haingoji barua pepe. Ukiona mtu anaharisha maji mengi, mtoto mwenye degedege, au mama mjamzito anayetokwa damu, usikae kwenye kompyuta. Mpeleke mgonjwa kituoni au tuma mtu mbio. Mwenye kuhara aanze kupewa maji ya chumvichumvi ya kunywa, ORS, hata akiwa njiani. Ukiona wagonjwa wa aina moja wanaongezeka, piga simu kwanza. Simu isipopatikana, nenda kwa miguu au mpe habari anayekwenda. Barua pepe itafuata kwa ajili ya kumbukumbu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Barua zinaingia vizuri lakini hazitoki. Je, ubadilishe mipangilio ya seva ya kuingia?
2. Mlango 587 huenda na aina gani ya usalama?
3. Umepata kosa namba 535. Ukague nini?
4. Umepata kosa linaloanza na 4. Ufanye nini?
5. Kwa nini kompyuta yenye tarehe ya miaka ya nyuma hushindwa kutuma barua?
6. Umeona wagonjwa sita wa kuhara maji katika mtaa mmoja kwa siku moja. Je, uanze na barua pepe?

MAJIBU

1. Hapana. Iache kama ilivyo, kagua seva ya kutuma peke yake.
2. STARTTLS.
3. Jina la mtumiaji, neno la siri, na kama huduma yako inataka OAuth2 au neno la siri la programu.
4. Ngoja, kisha ujaribu tena bila kubadilisha kitu.
5. Kwa sababu huona cheti cha seva hakijaanza kutumika, hivyo hukataa kuunganisha.
6. Hapana. Wagonjwa wafikishwe kituoni na simu ipigwe kwanza. Barua ifuate.

Ndugu msomaji, likate somo hili na ulibandike ukutani karibu na kompyuta ya kituo. Kama kuna kijana mtaani kwenu anayejua kompyuta, msomeeni pamoja na wazee wanaopokea habari za jamaa zao kwa njia hiyo. Siku barua itakapokwama, mtajua pa kuanzia.